Mdogo wangu wa kilo 104, vitabu ulivyoomba ni hivi

Swali nimelifupisha na kutoa kila kinachoweza kumtambulisha: "Shikamoo dada. Nina miaka 26, nina kilo 104. Toka shule ya msingi naitwa bonge, tipwatipwa, tanki, mpaka jina langu halisi watu walilisahau. Nikiwa darasa la sita kuna jambo nilifanyiwa na mtu wa karibu, sijawahi kumwambia mtu, na ni baada ya pale nilianza kula hovyo. Nimesoma vile vitabu vya kujiamini vinavyouzwa barabarani, vyote vinaniambia niamke saa kumi na moja nikakimbie. Nataka vya wanawake waliopitia wenyewe, vya mwili, vya majeraha ya moyoni, vya akili kuchoka. Kiingereza changu cha kuungaunga ila naelewa. Nianze na kipi? Na je nisome kabla sijamwambia mama?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, na pole yangu sio ya kilo, ni ya darasa la sita. Halafu nikwambie kitu umekifanya bila kujua. Mimi kazi yangu ni ushauri nasaha, mwaka wa 14 huu, na watu wengi wanakuja kwangu miezi na miezi wanaongelea uzito tu, dayati hii nimejaribu, jimu ile nimelipia sikwenda, mpaka siku moja wakiwa wameshashika mkoba wanataka kuondoka ndo inawaponyoka kwamba kabla ya uzito kulikuwa na jambo. Wewe umeviweka vyote viwili kwenye sentensi moja, "ni baada ya pale nilianza kula hovyo". Kwahiyo vitabu ninavyokutajia nimevichagua kwa hiyo sentensi, zile kilo 104 nimeziacha hapo zilipo.

Anza na Hunger wa Roxane Gay, kilitoka 2017. Huyu dada ni Mmarekani, wazazi wake wametokea Haiti, kazaliwa 1974 Omaha huko Nebraska, familia ya Kikatoliki, watu wa shule na kazi zao, na yeye mtoto mpole wa kushinda na vitabu. Akiwa na miaka 12 mvulana aliyekuwa anampenda akampeleka kwenye kibanda kimoja msituni, kumbe wenzake wapo ndani wanasubiri, wakambaka. Akarudi nyumbani akanyamaza, akaendelea kuwa mtoto mzuri mbele ya wazazi, na akaanza kula. Alichokuwa anakitafuta anakisema bila kuzunguka: alitaka mwili mkubwa ambao hakuna mwanaume atautamani wala kuuweza tena, yaani alikuwa anajenga ngome na matofali yake ni chakula. Ilifika pauni 577, hizo ni kama kilo 262, na ni mrefu pia, futi 6 na inchi 3.

Sasa hapo ona tofauti na vya barabarani. Vile vinauhesabu unene wako kuwa ni uvivu. Huyu anauhesabu kuwa ni kazi, kazi aliyoifanya mtoto wa miaka 12 kwa akili yake yote maana hakuna mtu mzima aliyejua kwamba anatakiwa kulindwa. Nimeona watu wakifika hapo wanafunga kitabu wanatazama ukuta. Na mwisho wake sio wa shangwe, hakuna picha ya kabla na baada, anakwambia toka kurasa za mwanzo kwamba hana hadithi ya ushindi ya kukupa. Kinaanza akiwa kliniki moja Florida anasikiliza maelezo ya upasuaji wa kupunguza tumbo, anatoka pale hajafanyiwa. Kuna wasomaji hilo linawaudhi sana, wanasema sasa mbona hajatusaidia. Mimi ndo maana nakipenda.

Kuna sehemu moja nataka uisome hata kama hutasoma nyingine. Amealikwa kwenye shughuli ya waandishi New York, anafika anakuta jukwaa limeinuka na halina ngazi. Wenzake wanaruka juu tu. Yeye inamchukua dakika kadhaa kujipandisha, watu mamia wanamtazama, na akikaa kile kiti kidogo cha mbao kinalia kwaa. Basi anaamua kuzuia uzito wake kwa mapaja, anakaa kama mtu amechuchumaa hewani, masaa mawili, huku anajibu maswali na kutabasamu. Masaa mawili mdogo wangu. Na anaeleza kwamba kila anapoalikwa mahali anawaza viti vyao vikoje, vina mikono au havina, vina nguvu kiasi gani, maana vya mikono vinamwachia michubuko kwenye mapaja.

Kwetu hapa hicho kiti ni cha plastiki. Wewe unakijua. Umefika kichenpati umevaa dera lako umependeza, hujakaa bado, mara mama mmoja kutoka mbele anapaza sauti kwa nia njema kabisa, "jamani mbebanishieni viwili huyo, kimoja hakimtoshi!" Kijana anapita juu ya vichwa vya watu amebeba kiti cha pili, ukumbi mzima unageuka, mshereheshaji naye anatia neno kwenye maiki, na wewe unacheka kuliko wote, kwa sababu ukinuna utaambiwa huna utani. Dada mmoja aliniambia siku hizi anakula nyumbani halafu anachangia mchango wake wote, kadi anapokea, sherehe haendi. Miaka minne.

Lugha usiogope, kitabu kimekatwa vipande 88, vingine ukurasa mmoja tu, sentensi fupi. Tukio lenyewe la msituni lipo kwenye sehemu za mwanzo mwanzo, hasimulii kwa kutia chumvi lakini lipo, ukiona anaanza kuelekea huko na kifua kinabana funika hizo kurasa kwa klipu uendelee mbele, hutapotea njia. Kitabu sio mtihani.

Hapa nikiri na kosa langu, maana watu wanadhani mshauri hakosei. Miaka ile naanza nilimpa dada mmoja aliyekuwa anajinyima kula kitabu cha Mmarekani mmoja aliyeandika jinsi alivyojinyima mpaka akalazwa. Kimeandikwa vizuri sana, nilikuwa nimekisifia mwenyewe. Akarudi baada ya wiki tatu amekonda zaidi. Nikamuomba daftari lake tunaloandikia, kwenye ukurasa wa nyuma alikuwa amenakili namba zote, uzito wa mwandishi kila mwezi, kalori alizokula, mpaka mbinu ya kuwazuga wazazi mezani, amepiga mstari kwa rula. Mimi nilimpa onyo, yeye akakipokea kama mtaala. Toka siku hiyo kitabu cha kula na kutokula nikikishika naangalia kwanza kama kina namba na mbinu, kikiwa navyo kinabaki kabatini kwangu hata kiwe kimepata tuzo gani. Ndo maana jina lake silitaji hapa. Utauliza mbona na Gay ametaja uzito. Ametaja, lakini namba yake hakuna anayeitamani kuifikia, na hafundishi njia.

Cha pili, Nervous Conditions wa Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, kilichapwa London 1988. Hiki ni riwaya. Nakuwekea kwa ajili ya siku mtu atakapokwambia "hayo mambo ya saikolojia ni ya wazungu, sisi Waafrika tunavumilia". Msimulizi ni Tambu, binti wa kijijini Rhodesia, ndo Zimbabwe ya leo, enzi zile za wazungu, anayepata nafasi ya kusoma baada ya kaka yake kufariki, anachukuliwa na baba yake mkubwa ambaye ni mkuu wa shule ya misheni, msomi, kila mtu kwenye ukoo anamwinamia. Huyo baba ana binti, Nyasha, amekulia Uingereza miaka kadhaa, amerudi Kishona kinamgomea, wenzake shuleni wanamsema anajidai mzungu, nyumbani akichelewa kutoka disko baba anampiga na kumwita majina yale yale wanayoitwa wasichana kwetu. Nyasha anaacha kula. Baba anamlazimisha, sahani mbele yake, maliza, mimi ndo nalisha nyumba hii. Anamaliza, anakwenda bafuni, anajitapisha kwa mswaki.

Hao ndo watu wanaokula vizuri kwenye ile hadithi, elewa. Nyumba yenye nyama mezani wakati kijijini wanalala na mboga. Njaa ya Nyasha haikutokana na umaskini, ilikuwa ndo sehemu pekee ya maisha yake ambayo baba hawezi kuamrisha, na hata pale anajaribu kuamrisha. Mwisho anachanika kabisa, anararua vitabu vya historia kwa meno, wanamkimbiza mjini kwa daktari wa akili, mzungu, na yule daktari anawaambia huyu hawezi kuwa mgonjwa, Waafrika hawaumwi hivyo, anajifanyisha tu. Inabidi watafute mwingine. Mimi nikisoma pale nasikia sauti za kwetu kabisa, shangazi mtu mzima anasema "huyo hana ugonjwa, ana kiburi, kamuombeeni".

Na kwetu mwili unasomwa kwa njia zake, hilo hakuna Mmarekani atakuandikia. Ukinenepa baada ya ndoa "maisha yamekukubali", ukikonda watu wananong'ona kwamba una ngoma, mtoto bonge shuleni anachekwa ila mama bonge sokoni anasifiwa, makalio makubwa yanatamaniwa mpaka watu wanameza vidonge vya kichina kuyatafuta, halafu huyo huyo mwenye nayo ya kuzaliwa anashikwashikwa kwenye daladala. Kwahiyo umeitwa tanki na ukitembea unapigiwa miluzi, yote siku moja, na hakuna wa kukuelezea inakuwaje.

Mambo ya ngozi siingii sana maana hukuuliza, ila kama na mkorogo umeshapaka, na wengi wanaochekwa umbo huwa wanapitia na huko, tafuta The Bluest Eye wa Toni Morrison, 1970, binti mweusi wa Lorain, Ohio, anayeomba apewe macho ya bluu akidhani akiyapata na nyumbani watatulia. Lakini kuna baba na binti mle ndani, ni kizito hasa kwako, usikiguse mwaka huu.

Ule unyamavu wako wa miaka yote hii, mtu wa kumsoma ni Maya Angelou, I Know Why the Caged Bird Sings, cha 1969. Akiwa na miaka saba na kitu, St. Louis, alibakwa na mwanaume wa mama yake. Alimtaja. Yule mtu akashtakiwa, akahukumiwa, akaachiwa haraka, na muda si mrefu akakutwa ameuawa. Mtoto akapiga hesabu ya kitoto: nimesema, mtu amekufa, basi sauti yangu inaua. Akanyamaza karibu miaka mitano, akiongea na kaka yake tu. Watu wanakisoma hiki kama hadithi ya ubakaji, mimi kwenye kazi nakitumia kwa sababu ya hesabu ile. Kila mtoto aliyenyamaza ana hesabu yake. Nikisema mama atapata presha. Nikisema baba atamuua mtu atafungwa. Nikisema wataniuliza nilikuwa nimevaa nini. Na wewe unayo ya kwako, hukuiandika ila ipo, na huenda ulipoipiga ukiwa na miaka 12 ilikuwa sahihi kabisa kwa nyumba uliyokuwemo. Swali ni kama bado ni sahihi ukiwa na 26.

Na aliyemtoa kwenye ule ukimya hakuwa daktari, alikuwa mama mmoja jirani pale Stamps, Arkansas, Bi Flowers, mweusi mwenye heshima zake, alimwita kwake akampa juisi ya ndimu na biskuti, akamsomea kitabu kwa sauti, halafu akampa vitabu aende navyo asome kwa sauti. Hakumuuliza kilichotokea. Hiyo nimeiiba, mara nyingi kikao cha kwanza na mtu siulizi, nasoma ukurasa mmoja kwa sauti halafu namwachia yeye ukurasa wa pili.

Cha akili kuchoka. Wengi watakutajia The Bell Jar wa Sylvia Plath, na ni kizuri kweli, lakini mwandishi alijiua Februari 1963, wiki chache tu baada ya kitabu kutoka, na ukikisoma usiku peke yako ukiwa chini unaanza kumsikiliza yeye badala ya kusoma hadithi. Kiache mpaka uwe na mtu wa kukisoma naye. Mimi nakupa Bessie Head, A Question of Power, cha mwaka 1973. Huyu alizaliwa 1937 Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ambako mama yake, mzungu, alikuwa amewekwa, baba alikuwa mweusi na kwa sheria na akili za kule hilo lilikuwa kosa. Akahamia Botswana 1964 na mtoto wake, akakaa Serowe, na huko huko akili ikamkatika mpaka akalazwa. Kitabu ni riwaya ila mwanamke aliyemo, Elizabeth, amebebeshwa maisha yake: shuleni mkuu wa shule anamwambia mama yako alikuwa kichaa na wewe usipoangalia utakuwa hivyo hivyo. Hebu fikiria kumwambia mtoto hivyo. Kwetu wanasema "kwao kuna ukichaa", na posa inarudishwa.

Nikuonye, ni kigumu. Usiku wanaume wawili wasioonekana na wengine, Sello na Dan, wanaingia chumbani kwake na kumtesa, na hujui lini anaota na lini yuko macho, kwa sababu na yeye hajui. Ukichoka ruka, nenda kwenye bustani. Maana mchana Elizabeth anakwenda kulima mboga kwenye mradi wa kijiji na mwanamke anaitwa Kenosi ambaye haongei mengi, na wanapanda yale matunda madogo ya njano yanayokaa ndani ya ganda kama karatasi, wanapika jemu wanauza. Kenosi hamwombei, hamhubirii, anakuja tu asubuhi na jembe. Nimefanya kazi na watu wenye sonona kali na naweza kukwambia wengi wakisimulia kilichowashikilia hawataji hotuba ya mtu, wanataja mtu aliyekuja kila siku kwa jambo la kawaida.

Cha Kiswahili uliuliza kwa pembeni. Wanawake wetu wameandika mimba za shule, ndoa, dhuluma, Penina Muhando na tamthilia yake ya Hatia toka 1972, lakini mwanamke kukaa chini akaandika mimi, mwili wangu, hiki ndo kilinikuta, hilo bado ni adimu, nadhani kwa sababu sisi hayo tunayapeleka kwenye taarabu na kwenye kanga ambako unasema bila kusema. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Fumba, Unguja, alivyoanza kuvuma walimtungia nyimbo za kumcheka, katoka shamba na kaniki, hana sura wala ukoo, na akawajibu kwa wimbo kwamba sura na jadi si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Shaaban Robert ameuweka kwenye kitabu chake cha wasifu wa Siti. Umeandikwa na mwanaume, sawa, lakini jibu ni la mama mwenyewe, lisome uone kumbe kuchekwa umbo na kujibu hadharani hakukuanza na mitandao.

Sasa namna ya kusoma. Judith Herman, daktari wa akili Mmarekani aliyeandika Trauma and Recovery mwaka 1992, anasema mtu mwenye kiwewe kwanza anahitaji usalama, halafu ndo kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudi kwa watu. Hatua zinapishana na kurudiana ila ya kwanza hairukwi. Kwahiyo kabla ya kununua chochote nijibu hili: huyo mtu wa karibu bado anaingia hapo nyumbani? Anakula Idi au Krismasi nanyi? Kuna watoto wengine wanaoachwa naye? Kama ndiyo, vitabu visubiri, tunaanza na hilo, na hapo kuna dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali kubwa zina kituo cha Mkono kwa Mkono, cha kuhudumia waliofanyiwa ukatili, uliza hata kama ni jambo la zamani. Kama hapana, soma mchana, sio kitandani usiku, kurasa kumi hivi, na ukimaliza fanya kitu cha mikono, osha vyombo, chambua mchele. Ukiona unapoteza usingizi siku tatu mfululizo, au unakula mpaka unaumwa, au mawazo ya kufa yanakuja, weka kitabu chini uende hospitali ya rufaa ya mkoa wako, uliza kliniki ya afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii, na usisubiri mpaka Jumatatu.

Kuhusu mama, ndiyo, unaweza kusoma kabla hujamwambia, na unaweza kusoma vyote na usimwambie kabisa. Mama sio lazima awe wa kwanza. Mara nyingi anakuwa mgumu kuliko wote, sio kwa ubaya, ni kwa sababu akisikia anaanza kujitetea yeye, alikuwa wapi, mbona hakuona, na wewe ndo unaishia kumbembeleza. Tafuta kwanza mtu mmoja asiye na cha kujitetea. Kwa sasa nadhani ni mimi, na hilo ni sawa, lakini asiwe mimi peke yangu.

Tafuta Hunger iliyotumika kwa wauza vitabu vya mitumba, au kopi ya simu, ni rahisi zaidi. Ukifika pale kiti kinapolia, niandikie.